Majani mekundu yana wenyewe

Ifikapo wiki ya mwisho ya Septemba, magari yenye namba za Massachusetts, New York, New Jersey na hata Kanada huanza kubanana katika barabara kuu ya Woodstock, mji mdogo wa jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wakazi wake ni kama 3,000. Katikati ya mji kuna uwanja wa nyasi, kandokando yake nyumba za matofali na mbao za karne ya 19, na mbele kidogo daraja la mbao lenye kuta na paa, lililovushwa juu ya mto Ottauquechee. Mlima Tom unachungulia mapaa ya nyumba. Wageni hawa wote wamekuja kutazama miti. Kwa wiki tatu hivi milima ya hapa hugeuka rangi ya moto, ya dhahabu na ya damu ya mzee, kisha upepo na mvua za mwisho wa Oktoba hukung'uta kila kitu chini.

Kilomita chache kutoka hapo kuna Pomfret, mji jirani wenye watu wapatao 900 waliotawanyika mashambani. Mwaka 2023 halmashauri ya Pomfret ilifanya jambo lililoandikwa na magazeti ya mabara kadhaa: iliifunga Cloudland Road, barabara nyembamba ya vumbi, kwa kila asiyekuwa mkazi, kuanzia Septemba 23 hadi Oktoba 15. Mwaka uliofuata ikaifunga tena. Wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Barabara ya umma inafungwaje kwa ajili ya majani?

Inafungwa vizuri kabisa. Pomfret ilikuwa na haki, na ilifanya uamuzi wa busara. Anayedhani majani yale ni zawadi ya maumbile tu, iliyomwagwa mlimani ili kila mwenye simu ajichotee, hajui historia ya mlima anaoutazama. Uzuri wa Woodstock na Pomfret una wenyewe: watu waliougharamia, na zaidi ya hapo, watu ambao kwa miaka zaidi ya 150 wamekuwa wakikataa mambo fulani yasifanyike juu ya ardhi yao.

Kwanza, yaliyotokea Cloudland Road. Kando ya barabara hiyo kuna shamba la mtu binafsi: nyumba imetulia bondeni, njia ya gari inateremka kwa kupinda, nyuma yake kilima kilichojaa miti. Picha yake inapendeza, hilo halina ubishi, na wapiga picha walikuwa wakiifahamu tangu zamani. Instagram na TikTok zilipoichukua, wageni wakaanza kumiminika kwa namna ambayo barabara ya vumbi haikuumbwa kuihimili. Magari yaliegeshwa pande zote mbili hadi ikahofiwa kwamba gari la wagonjwa au la zimamoto lisingepita. Mengine yalitumbukia mitaroni. Watu waliruka lango na kupita mabango yanayokataza kuingia, wakakanyaga bustani, wakaja na vibanda vya kubadilishia nguo ili wapige picha za mavazi mbalimbali, wakaacha takataka na kujisaidia haja kubwa vichakani. Majirani walifika mahali pa kuchangishana fedha mtandaoni ili kuwalipa polisi wa kaunti wawasaidie kudhibiti hali.

Mtu yeyote aliyekulia kijijini, awe wa Rungwe au wa Nyeri, anaelewa uzito wa jambo hili bila kuelezwa. Mgeni anapigiwa hodi na kukaribishwa. Haingii uani kwa watu akajisaidia nyuma ya banda la ng'ombe.

Kuna suala la fedha pia, nalo hutajwa mara chache. Zaidi ya nusu ya barabara za Vermont hazina lami, na nyingi ziko mikononi mwa miji midogo kama Pomfret. Jumanne ya kwanza ya mwezi Machi, wakazi wa miji hiyo hufanya mkutano wao wa mwaka, utaratibu wa zamani unaoendelea hadi leo, na hapo hupitisha bajeti: changarawe ya kiasi gani, greda likarabatiwe au linunuliwe jingine, mchanga na chumvi za kumwaga barabarani wakati wa theluji. Sehemu kubwa ya fedha hutoka katika kodi ya majengo na ardhi wanayolipa wao wenyewe. Machi huohuo theluji huanza kuyeyuka na barabara za vumbi hugeuka tope la kufikia ekseli, hivyo kila gari la ziada lililopita Oktoba lina gharama yake. Anayekuja kupiga picha Pomfret kwa kawaida halali Pomfret. Chumba amechukua kwingine, mlo amekula kwingine. Kwa watu 900 ameacha vumbi na mashimo.

Na sasa turudi kwenye miti yenyewe, maana hapo ndipo penye kisa kikubwa.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Vermont ilikuwa ikikatwa miti kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1811 William Jarvis, aliyekuwa konsuli wa Marekani mjini Lisbon, alihamia Weathersfield, si mbali na Woodstock, akiwa na kondoo wa merino kutoka Hispania, aina yenye sufu laini ambayo viwanda vya nguo viliililia. Ikawa homa. Wakulima walifyeka milima hadi vileleni ili wapate malisho. Kufikia mwaka 1840 jimbo lilikuwa na watu kama 290,000 na kondoo karibu milioni 1.7, yaani kondoo karibu sita kwa kila mtu. Mito ilijaa matope, chemchemi zikakauka kiangazi, na mvua ikija ilishuka na udongo wote. Kisha soko likaanguka. Ushuru uliolinda sufu ya ndani ulipunguzwa mwaka 1846, reli zikafungua ardhi pana za magharibi ambako ufugaji ulikuwa rahisi zaidi, na maelfu ya familia zikafunga virago. Kilichobaki kilikuwa milima yenye upara.

Mtoto mmoja wa Woodstock aliyaona haya tangu akiwa mdogo. George Perkins Marsh alizaliwa hapo mwaka 1801, chini ya Mlima Tom, akaushuhudia ukivuliwa miti. Baadaye akawa mwanasheria, mbunge, kisha balozi wa Marekani katika dola ya Uthmaniya na Italia. Mwaka 1847 alisimama mbele ya wakulima wa kaunti ya Rutland akawaeleza kwamba miti waliyoimaliza milimani ndiyo iliyokuwa ikizuia mafuriko na kulinda chemchemi zao. Katika safari zake pembezoni mwa Bahari ya Kati aliona nchi zilizowahi kulisha dola kubwa zikiwa zimebaki miamba, na mwaka 1864 akachapisha kitabu *Man and Nature*, ambacho hoja yake ilikuwa ngeni kwa wakati ule: binadamu ana uwezo wa kuiharibu dunia moja kwa moja, na ana wajibu wa kuirekebisha. Ni miongoni mwa vitabu vilivyoweka msingi wa uhifadhi wa mazingira tunaoujua leo.

Nyumba aliyokulia ilinunuliwa mwaka 1869 na Frederick Billings, kijana wa zamani wa Woodstock aliyetajirika kwa kazi ya uwakili San Francisco wakati wa mbio za dhahabu. Billings aliirudishia miti milima ya shamba lake. Alipanda misonobari na miti mingine, mingine ikitoka Ulaya, akatengeneza njia za magari ya farasi katikati ya msitu, akafungua shamba la mfano la ng'ombe wa Jersey ili majirani wajifunze ufugaji usiomaliza ardhi. Alipofariki mwaka 1890, mkewe na binti zake waliendeleza kazi. Mjukuu wake Mary aliolewa na Laurance Rockefeller, na mwaka 1992 wawili hao waliitoa nyumba na msitu kwa taifa. Leo eneo hilo ni Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa ya Marsh-Billings-Rockefeller, na msitu wake, wa zaidi ya hekta 200, ni kati ya misitu iliyosimamiwa kitaalamu kwa muda mrefu zaidi nchini Marekani.

Kwingineko Vermont miti ilijirudia yenyewe, mashamba yaliyoachwa yakimezwa na vichaka kisha na msitu. Leo kama robo tatu ya jimbo ni msitu. Mtu anayetembea ndani yake hukutana na kuta za mawe, nyingine zikipanda mlima moja kwa moja katikati ya miti minene. Hazimzuii mtu wala mnyama. Ni mipaka ya malisho ya kondoo ya mwaka 1840. Majani mengi mekundu yanayopigwa picha leo yameota juu ya ardhi iliyokuwa uchi.

Rangi nazo zina sababu zake. Jani ni la kijani kwa kuwa limejaa klorofili, inayotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mti. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili mpya na kuanza kuziba mishipa kwenye kikonyo cha jani. Kijani kikiisha, manjano huonekana. Yalikuwemo siku zote, ni rangi ileile ya karoti na mahindi ya njano, ila yalifunikwa. Wekundu ni habari nyingine. Huo hutengenezwa upya katika siku za mwisho, kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani. Mchana wenye jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha ndio huleta wekundu mkali zaidi. Na mti unaotawala milima ya Vermont ni mepo wa sukari, wa jamii ileile ambayo jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada. Ndiyo sababu milima hii huwaka kuliko misitu mingi ya Ulaya, ambako manjano na kahawia hutawala.

Mti huohuo una kazi ya pili. Kuanzia mwisho wa Februari hadi Aprili, usiku ukiganda na mchana ukayeyuka, wakulima huutoboa na kukinga utomvu wake, kisha huuchemsha kwa saa nyingi hadi uwe shira. Lita 40 za utomvu hutoa kama lita moja ya shira. Karibu nusu ya shira yote ya mepo inayotengenezwa Marekani hutoka Vermont. Kwa hiyo mgeni anayevunja matawi ya mepo ili apambe picha yake anakata shamba la mtu.

Msitu uliporudi, Vermont ilikabiliwa na hatari mpya. Miaka ya 1950 na 1960 barabara kuu zilifika, na michezo ya kuteleza kwenye theluji ikashamiri. Woodstock yenyewe ndiko kamba ya kwanza nchini Marekani ya kuwavuta watelezaji kupanda mlima ilikofungwa, mwaka 1934, ikizungushwa kwa injini ya gari. Wajenzi wa hoteli na nyumba za mapumziko wakamiminika, na mabango ya biashara yakaziba mandhari. Watu wa Vermont wakasema hapana. Sheria ya mwaka 1968 ilipiga marufuku mabango ya biashara ya kando ya barabara katika jimbo zima; majimbo mengine matatu tu, Maine, Hawaii na Alaska, yana katazo kama hilo. Mwaka 1970 ikaja sheria inayoitwa kwa namba yake, 250, inayotaka miradi mikubwa ya ujenzi ipimwe kwa vigezo 10, kuanzia maji na udongo hadi uzuri wa mandhari. Wajenzi wameilalamikia tangu siku ile. Mjini Woodstock, Laurance Rockefeller aligharamia nyaya za umeme za katikati ya mji kufukiwa ardhini.

Uamuzi wa Pomfret wa mwaka 2023 unafuata mkondo huohuo. Wanaouona kama ukorofi wa wanakijiji wachache wanautazama peke yake, wakasahau kwamba bila makatazo yaliyoutangulia wasingekuwa na cha kufuata huko.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wake wa karibu. Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi, ungekuwa majumba leo. Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement mwaka 1977, na wenzake waliukatalia. Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani akiwa amekwenda kupanda mti langoni mwake. Miaka mitano baadaye alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani, na leo familia za Nairobi hukata tiketi, hutembea chini ya miti hiyo, hukaa kando ya maporomoko ya maji. Kuna lango, kuna uzio, kuna saa za kufunga, na fedha za kiingilio zimesaidia kuulinda msitu. Hakuna Mkenya mwenye akili timamu anayedai kwamba uzio wa Karura umemnyang'anya msitu wake.

Miji mingine midogo ya milimani imejaribu njia nyingine, na haikufanikiwa sana. Hallstatt, mji wa Austria wenye watu wasiofika 800 kando ya ziwa, ulisimamisha uzio wa mbao Mei 2023 mahali ambapo wageni hujipigia picha. Kelele zilipozidi, uzio ukaondolewa. Fujikawaguchiko, mji wa Japani chini ya Mlima Fuji, ulitandaza wavu mweusi wa urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5 Mei 2024, ili mlima usionekane kutoka mbele ya duka moja lililopata umaarufu mtandaoni. Watu waliutoboa matundu ya kupitisha simu. Baadaye nao ukashushwa. Kuziba mandhari ni adhabu inayompata kila mtu, mwenyeji na mgeni, mstaarabu na mkorofi. Pomfret haikuziba chochote. Ilisema tu kwamba kwa wiki tatu za mwaka, gari lisilo la mkazi lisipite njia moja nyembamba, huku mamia ya kilomita za barabara nyingine za jimbo, zenye miti ileile na rangi zilezile, zikibaki wazi. Ni kizuizi kidogo, chenye mwanzo na mwisho, kilichowekwa na halmashauri iliyochaguliwa na wakazi wake. Ni vigumu kuona serikali ya mji ingeweza kufanya jambo kwa kiasi zaidi ya hicho.

Walioupinga uamuzi huo wana hoja mbili nzito, na zinastahili jibu.

Ya kwanza ni ya haki. Vermont ni kati ya majimbo ya Marekani yenye idadi kubwa zaidi ya Wazungu kwa uwiano. Barabara ikifungwa kwa "watu wa nje" katika jimbo kama hilo, mtu mweusi au mwenye asili ya Asia ana sababu ya kuuliza ni nani atakayesimamishwa na ni nani atakayepungiwa mkono. Swali hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Burlington na Winooski, kama kilomita 150 kutoka Woodstock, zina familia za Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu waliopewa makazi kama wakimbizi, na Kiswahili husikika huko madukani na shuleni. Hawa ni wakazi wa Vermont, wanalipa kodi Vermont, na milima ile ni yao kama ilivyo ya mtu yeyote. Kwa hiyo kizuizi chochote lazima kisomwe kwa anwani, kwa kila gari, bila kuangalia sura ya dereva, na anayesimamia awe ofisa aliyeapishwa badala ya jirani mwenye hasira. Sharti hilo halijadiliwi. Likitimizwa, kizuizi ni halali. Likivunjwa, halmashauri ijibu mahakamani.

Hoja ya pili ni ya tabaka. Wapo wanaosema kwamba uzuri wa Woodstock ulinunuliwa kwa fedha za reli na mafuta, na sasa matajiri wanaufungia. Kuna ukweli ndani yake. Billings alipata kuwa rais wa kampuni ya reli ya Northern Pacific, na mali ya kina Rockefeller ilitoka kwenye mafuta. Ulinzi wa mandhari umepandisha bei za nyumba, nyingi zikiwa za watu wa Boston na New York wanaokuja wikendi, hadi mpishi na mhudumu wa hoteli hawawezi kupanga karibu na kazi yao. Mji wenyewe umeliona tatizo: Woodstock imewahi kutenga fedha za kuwavutia wenye nyumba wapangishe kwa wafanyakazi wa hapo kwa muda mrefu, badala ya wageni wa siku mbili. Ni hatua nzuri, lakini ndogo. Hata hivyo, tatizo la nyumba halitapungua hata kidogo kwa kufungua Cloudland Road. Foleni ya wapiga picha haimpi mhudumu wa hoteli chumba cha kupanga. Tena shinikizo la kugeuza kila nyumba kuwa ya wageni wa Oktoba linatokana na umaarufu uleule usio na mipaka ambao Pomfret ilijaribu kuupunguza.

Kulikuwa pia na waliosema wakati haukuwa mzuri. Julai 2023 mafuriko makubwa yaliikumba Vermont, yakazamisha katikati ya Montpelier, makao makuu ya jimbo, na wafanyabiashara walikuwa wakiwasihi wageni waje msimu wa majani ili wainuke. Kufunga barabara miezi miwili baadaye kulionekana kama kumfukuza mteja. Lakini maduka yaliyofurika Montpelier hayako Cloudland Road. Mgeni aliyekuta kizuizi Pomfret alikuwa na sababu moja zaidi ya kugeuza gari na kwenda kununua mkate na kahawa mahali palipomhitaji.

Na cha kutazama hakikosekani. Mtu anayefika Woodstock anaweza kuegesha gari mjini na kuuacha ufunguo mfukoni siku nzima. Njia ya Faulkner huanza chini ya Mlima Tom, hatua chache kutoka katikati ya mji, ikapanda kwa kuzunguka taratibu hivi kwamba sehemu yake kubwa mzee mwenye fimbo huimudu. Kilele kiko kama mita 380 tu juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Marangu ataita kilima. Lakini kutoka hapo mji wote unaonekana, na mto, na milima iliyopangana hadi upeo wa macho ikiwa imewaka. Nyuma ya kilele njia za Billings za magari ya farasi, zikijumlishwa na vijia vyake kama kilomita 32, hupita katika msitu wa hifadhi hadi kwenye bwawa linaloitwa Pogue, ambako mepo wanainamia maji. Kutembea humo hakuna kiingilio. Siku za katikati ya juma, hasa nje ya wikendi ndefu ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, mtu anaweza kwenda saa nzima bila kubanana na wenzake. Huo ndio msitu wenye historia. Shamba la Cloudland Road ni picha tu.

Walinzi wa misitu hiyo wana mashaka mengine makubwa kuliko watalii. Mdudu anayeua miti ya jamii ya Fraxinus (ash) aligunduliwa Vermont mwaka 2018. Joto la Septemba linachelewesha rangi, na ukame hukausha majani kabla hayajabadilika. Mafuriko ya mwaka 2023 yalifuatwa na mengine Julai 2024. Marsh angeyatambua yote haya. Msitu unaohitaji kulindwa dhidi ya mabaya yasiyo na anwani unastahili angalau kulindwa dhidi ya yale yanayokuja kwa gari na yanayoweza kusimamishwa na bango.

Lililobaki ni la bunge la jimbo, linaloanza vikao Montpelier kila Januari. Jimbo la Vermont hulitangaza jina lake kwa majani haya. Hutoa taarifa kila wiki ya msimu kueleza rangi zimefikia wapi, na hutoza kodi ya asilimia 9 kwa kila chumba cha hoteli na kila mlo wa mgahawani. Miji yenye hoteli nyingi, Woodstock ikiwamo, huongeza asilimia 1 yake. Pomfret, yenye mandhari lakini isiyo na hoteli za maana, haipati karibu chochote katika mzunguko huo, na mwaka 2023 majirani wa Cloudland Road ndio waliopitisha bakuli mtandaoni. Sehemu ya kodi hiyo ya asilimia 9 inapaswa kurudi kila Oktoba kwenye miji midogo ambayo picha zake ndizo zinazojaza vyumba vya wengine: ilipie polisi wa kaunti waliofunzwa kumsimamisha kila mtu kwa haki, vyoo vya muda, basi dogo la kuwachukua wageni Woodstock na kuwarudisha, na ikifika Machi, changarawe.